Kile Kifaa Kilichoganda Penye Umeme Mzuri

Mzee wa kanisa aliponipigia simu kuniambia kwamba leo ni zamu yangu kusimama, nilimjibu, "Shikamoo mzee. Nitakuja, lakini ushuhuda wangu una kompyuta ndani yake. Watu watalala." Akacheka, akasema, "Wewe njoo. Wakilala tutawaamsha kwa wimbo." Kwa hiyo ndugu zangu, mwenye kusinzia asione haya, mwimbishaji yupo tayari pale.

Wengi wenu mnanijua kama mke wa yule kijana anayepandisha wageni mlimani, na mkwe wa huyu mama aliyekaa karibu na mlango, ambaye ng'ombe wake mnawafahamu kuliko mnavyonifahamu mimi. Tunaishi chini, Shirimatunda. Kazi yangu ni kuandika programu, yaani yale maelekezo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Msiione kazi ya ajabu. Ni kama kumwelekeza mtu kupika kiburu cha ndizi na maharage wakati hajui hata jiko ni nini. Kila hatua useme. Ukisahau moja, kinaungua, na yeye hatajua kwamba kinaungua.

Tulikuwa na ofisi ndogo mjini Moshi, watu wachache, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mnakijua kile kifaa kilichobandikwa ukutani kwenye kituo chetu cha maziwa hapa Kirua. Kina waya unaoingia kwenye tangi, kinapima ubaridi, kinaonyesha namba kwenye kioo, na maziwa yakianza kupata joto kinamtumia mhudumu ujumbe kwenye simu. Programu iliyomo ndani tuliiandika mimi na mwenzangu mmoja. Kifaa kingine kama hicho kilifungwa kwenye kituo cha chini, upande wetu wa Shirimatunda. Nilikuwa najivunia hivyo vifaa, nawaambia ukweli. Nikipita kituoni nachungulia dirishani kama mtu anayechungulia mtoto wake darasani.

Sasa hapa mnivumilie, maana bila hapa hamtaelewa nilikoangukia.

Programu ikifanya kazi inaazima nafasi ndani ya kompyuta. Nafasi hiyo tunaiita memori. Ni kama siku ya harusi: unaazima sufuria kwa jirani huyu na yule, na ukimaliza kupika unarudisha. Programu isiporudisha, tunasema memori inavuja. Sufuria moja si kitu. Lakini ukiwa unapika kila siku, unaazima na hurudishi, itafika asubuhi mtaa mzima hauna sufuria, na wewe mwenyewe huna pa kuchemshia chai. Programu ikifika hapo inaganda. Haipigi kelele wala haizimiki. Inabaki kama ilivyokuwa, na kioo kinaendelea kuonyesha namba ileile ya mwisho.

Ipo programu nyingine ya ukaguzi, kazi yake ni kupita nyuma na kusema: hii haijarudi, na hii, na ile. Hayo ndiyo maonyo. Yetu ilipokaguliwa ilitoa maonyo mengi hadi maandishi yakawa yanateremka yenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Mengi hayakutoka hata kwenye kazi yetu, yalitoka kwenye vipande vya programu tulivyochukua kwa wengine, kama kila mtu wa kazi hii anavyofanya. Mkubwa wa ofisi akaja, akaangalia, akasema, "Haya ni makelele tu. Yazimeni tuendelee na kazi." Tukayazima. Ni mstari mmoja tu unaandika, yananyamaza yote. Sitasema alitulazimisha. Hata mimi yalikuwa yananichosha, na ofisi nzima tulishukuru kwa ule ukimya.

Basi, asubuhi moja mhudumu wa kituo cha chini akanipigia. "Dada, njoo uone." Nikaenda kwa miguu, si mbali. Nikakuta wamama wamesimama na ndoo zao. Mashine ya kupoza ilikuwa imeharibika tangu jana yake, tangi lina joto, maziwa yamekatika, na kifaa changu ukutani kinaonyesha ubaridi mzuri kabisa. Mhudumu alikiamini. Kwa nini asikiamini? Alifundishwa na mimi.

Yale maziwa yalimwagwa kwenye mtaro nyuma ya kituo. Jamani, mnajua mnavyoamka kukamua. Mnajua majani mnayatoa wapi wakati wa kiangazi. Nilisimama nikayaona yanapita meupe kwenye matope, na mama mmoja akauliza, wala si kwa hasira, "Mashine hii ni ya mtoto wa nani?" Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake.

Ofisini tulikaa tukajadili. Kila mtu alisema ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unavuruga vifaa, hilo kila mtu analijua, na ni jibu zuri kwa sababu halina mwenyewe. Tukawafungia betri, ili hata umeme ukikatika kifaa kiendelee. Tukawaomba radhi. Wakakubali.

Kikaganda tena. Na safari hii hakikuchukua muda mrefu kama mwanzo. Umeme ulikatika mchana, mashine ya kupoza ikasimama, lakini kifaa kilikuwa na betri yake na kioo chake kinawaka, kinaonyesha ubaridi wa siku iliyopita. Maziwa yakamwagwa mara ya pili. Wanachama wakasema basi, ng'oeni mashine yenu. Ikang'olewa. Ofisi ikaanza kupoteza wateja wengine, maana Moshi ni ndogo, na baada ya muda mkubwa wetu akatuambia tupumzike kwanza nyumbani, atatuita. Hakutuita.

Ndugu zangu, nawaambia nilivyokuwa, msije mkadhani nilijikaza. Nilikuwa siwezi kufungua kompyuta. Naiweka mezani, naifuta vumbi, nikiinua kifuniko nakirudisha. Jirani yangu mwenye ng'ombe mmoja, aliyekuwa akinipigia hodi kila asubuhi, akaacha. Labda alikuwa na shughuli zake tu, lakini mimi nilijua ni yale maziwa. Nikaacha kuja jumuiya, mnakumbuka, mkawa mnaambiwa naumwa. Dada yangu anauza parachichi Kiboriloni, nikawa naenda kumsaidia, na niseme kweli, palinifaa. Parachichi ukilibonyeza linakuambia limeiva au halijaiva. Haliwezi kukuonyesha la jana.

Kuomba niliomba, ila sikuombea kile kifaa. Niliona aibu kumsumbua Mungu na mambo ya waya. Kilichokuwa kinanitesa hata si lile kosa. Ni kutolijua. Kama ni umeme, mbona tuliweka betri? Kama ni mimi, ni wapi? Nililala nalo na kuamka nalo, na sikuwa na ujasiri wa kuliangalia.

Sasa sikilizeni lilivyogeuka.

Jumamosi moja nilipanda huku Kirua kumsaidia mama mkwe. Tulikuwa nje ya jiko, mimi namenya ndizi za kupikia machalari, yeye anachambua maharage, na umeme ukakatika, redio ikanyamaza. Akasikitika kidogo kama anavyofanya, akasema, "Umeme huu wa huku ni wa kukatika kila siku. Ila kile kifaa chako, mwanangu, hakijawahi kulala hata mara moja. Kinazimika, umeme ukirudi kinaamka, kinaendelea."

Nikasema, "Mama, umesemaje?"

"Nimesema hakijawahi kulala."

Kisu kikanisimama mkononi. Kama umeme mbovu ndio unaoua, ingepasa cha huku juu kife kwanza. Huku umeme ni wa kubahatisha. Kule chini ni mzuri, na tukauongezea betri, na baada ya betri kikafa haraka zaidi! Nilihisi kitu kifuani ambacho nilikuwa nimekisahau. Haikuwa furaha, bado. Ilikuwa kama mtu anayesikia mlango unagongwa na hajui ni nani.

"Mama," nikasema, "umeme unakatika mara ngapi? Kila siku? Hata mara moja haijapita wiki nzima bila kukatika?"

"Nitajuaje mimi? Muulize mhudumu. Na ndizi zako zinaanza kuwa nyeusi."

Niliziacha nyeusi. Samahani mama, sijawahi kukuomba radhi kwa zile ndizi. Nikateremka mbio hadi kituoni na aproni kiunoni, mhudumu akanishangaa. Aliniambia vilevile: hakuna siku mbili zinazopita bila kukatika, na kila kikirudi kinasema ukweli, kwa sababu yeye hulinganisha na kipimajoto chake cha mkono. Nikamshika mkono nikamshukuru kama vile amenipa ng'ombe.

Unajua nini kinatokea programu ikizimwa na kuwashwa? Sufuria zote zinarudi kwa wenyewe. Inaanza upya, mikono mitupu. Kile kifaa cha huku juu kilikuwa kinapona kila siku kwa ule umeme mnaoulalamikia. Na cha chini sisi wenyewe tulikinyima dawa tukadhani tunakitibu.

Lakini hayo yalikuwa mawazo tu. Nilitaka kuona. Nikampigia yule mwenzangu, wakati huo anatengeneza simu mjini. Nikamweleza. Akasema, "Betri. Mungu wangu, ile betri." Kesho yake alikuja nyumbani na kile kifaa kilichong'olewa, na kingine kilichobaki ofisini. Tukaviweka mezani vimekaa pamoja, waya wa kila kimoja kwenye glasi ya maji baridi, na tukaongeza mstari mdogo wa kutuonyesha memori iliyobaki. Kimoja tulikiacha kiwake bila kuguswa. Kingine nikawa nakichomoa kila asubuhi nikienda kupiga mswaki, na kukichomeka nikirudi.

Ndugu zangu, watu wanalipa kwenda kuona wanyama. Mimi nilikaa nikitazama namba. Kile cha kuchomolewa, memori inashuka kidogo, asubuhi inapanda. Kile kingine inashuka, inashuka, kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Nilikuwa nikitoka Kiboriloni nakimbilia kuangalia. Mume wangu alikuwa ameshuka kutoka mlimani, hata salamu alipewa nusu. Na siku kile kilipoganda, nikauchovya waya wake kwenye maji ya moto, namba haikubadilika, nikapiga kigelegele sebuleni.

Mume wangu akatoka chumbani. "Kuna nini?"

"Kimekufa!"

"Kimekufa, na wewe unashangilia?"

"Kimekufa mbele ya macho yangu!"

Akasema, "Karibu nyumbani." Nilikuwa sijajua kwamba nilikuwa nimeondoka.

Tukayafungulia yale maonyo. Yote. Yakateremka kama siku ile, ila safari hii sikuyaogopa, nilitaka kujua kila moja linasema nini. Na hapa nilikosea tena kwa upande wa pili, niwaambie. Nilitaka yaishe yote, kioo kiwe safi. Nikaanza kurudisha kila sufuria niliyoambiwa haijarudi, na moja ilikuwa bado iko jikoni na nyama ndani. Programu ikafa papo hapo. Mwenzangu akanishika bega. "Dada, pole pole. Si kila onyo ni ugonjwa."

Akatoa wazo ambalo mpaka leo tunalitumia. Tuliendesha programu kwa muda mfupi, tukaangalia maonyo. Tukaiendesha kwa muda mrefu, tukaangalia tena. Halafu tukauliza swali moja tu kwa kila onyo: wewe unakua? Karibu yote yalikuwa yaleyale. Ni vitu vilivyoazimwa mara moja programu inapoanza na kutumika mpaka mwisho. Havidhuru, mkaguzi anavitaja tu kwa sababu hajui nia yako. Lakini onyo moja, fupi, lililojibanza katikati ya mengine, lilikuwa limevimba.

Lilihusu ujumbe wa simu, ule unaotumwa kila joto likipanda, hata ni maziwa mapya yanapomiminwa tangini au maji ya glasi zetu yanapoanza kupata joto. Kifaa kikituma ujumbe na mtandao ukakataa, yale maandishi yaliyokuwa yamesubiri kutumwa yanabaki ndani, hayafutwi. Ukikataa tena, yanabaki mengine. Tukatoa laini ya simu kwenye kifaa ili kila ujumbe ukatae makusudi. Memori ikateremka kwa kasi hata mtoto angeiona. Tukairudisha laini, ikatulia. Tukaitoa, ikateremka. Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuona jambo linakubali kuulizwa na linajibu.

Mtauliza mstari ule uliosahau kufuta aliuandika nani. Hata sisi tuliulizana. Mimi nikasema, "Ni wangu huu, naujua mwandiko wangu." Yeye akasema, "Hapana, ujumbe ulikuwa sehemu yangu." Tukabishana kila mmoja akivutia kwake, mpaka mume wangu akasema hajawahi kuona watu wanagombea kosa kama wanagombea shamba. Hatujui hadi leo. Tuliandika tumekaa benchi moja.

Dawa yake ilikuwa ndogo ya kuchekesha, sehemu moja ya kufuta. Lakini hatukuyazima tena yale maonyo mengine. Lile ambalo tumelielewa na halina madhara, tuliandika pembeni yake kwa nini tumeliacha, kwa Kiswahili, mtu mwingine asome aelewe. Na tukaweka utaratibu: likitokea jipya, hata moja, kazi inasimama mpaka lijulikane.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Nilitaka kwenda kituo cha chini kuwaambia haukuwa umeme. Mkubwa wetu wa zamani nilipomweleza alisema, "Watu wameshasahau. Ukiwaambia ilikuwa programu, unawaamsha." Huenda alikuwa ananionea huruma. Nikaenda. Mwenzangu akafunga kazi yake siku hiyo, tukaenda wote.

Nilisimama mbele ya wamama walewale. Nikawaeleza sufuria, kama nilivyowaeleza ninyi. Nikawaonyesha vifaa viwili kwenye meza, na kile cha zamani tukakitoa laini mbele yao. Yule mama aliyeuliza mashine ni ya mtoto wa nani akasogea karibu, akainama mpaka pua inakaribia kioo. Nikajiandaa. Akasema, "Sasa kikiganda tena kwa sababu nyingine, mimi nitajuaje? Namba ya leo na namba ya jana zinafanana."

Ndugu zangu, nilitamani kumkumbatia. Hakuuliza nani alipe. Aliuliza kitu kinavyofanya kazi! Tulikuwa hatujalifikiria. Siku zilizofuata tukaongeza saa kwenye kioo, inayoonyesha namba hii imepimwa muda gani. Saa ikisimama, kifaa kimeganda, mtu yeyote anaona. Hiki chenu cha hapa nacho kimepata saa hiyo, mtaiona mkipeleka maziwa.

Sitawadanganya kwamba wote walinirudia. Ipo familia moja mpaka leo hainipi mkono, na maziwa yale yalikuwa yao, nina lipi la kusema? Kituo kilikubali kukijaribu upya, mhudumu akiwa na kipimajoto chake cha mkono pembeni. Masika imepita, kiangazi kimepita, hakijaganda. Jirani yangu amerudi kupiga hodi asubuhi. Nilimuuliza kama alikuwa amenikasirikia, akasema, "Mimi? Ng'ombe alikuwa ana mimba, sikuwa na muda wa kutembea." Miezi yote ile!

Nawashukuru. Mama mkwe wangu kwanza, aliyesema neno moja juu ya ndizi na hakujua amesema nini. Mwenzangu, aliyeacha simu za watu akaja kukaa na glasi zangu za maji. Mume wangu. Dada yangu wa parachichi, ambaye hakuniuliza hata siku moja nitarudi lini kazini. Wale wamama wa chini, waliokubali kusikiliza mara ya pili, na ninyi mliokuwa mnatuma salamu mkidhani naumwa. Nilikuwa naumwa kweli. Na Mungu, ambaye nilimfichia mambo ya waya kana kwamba hayaoni.

Somo langu ni dogo. Kinachokuonya, iwe ni mashine, ni mwili wako, ni mtoto anayenuna, usikizime kwa sababu kinachosha, wala usikirukie kwa sababu kinatisha. Kaa nacho. Kiulize kinasema nini, halafu kiulize kama kinakua. Mengi yatakuambia, hapana, mimi niko hivihivi tu. Moja litakujibu vingine, na hilo ndilo la kushughulikia.

Jana jioni tulibadilisha kitu kidogo kwenye programu, na mkaguzi ametoa onyo jipya. Kazi imesimama. Sijui ni la nini. Zamani ningeogopa hata kufungua kompyuta. Sasa ninyi naona mnaniangalia kwa huruma, lakini mkiniona nakunywa chai haraka haraka naaga, msidhani nakimbia ibada. Nataka kwenda kujua.